Kiapo cha Kutotanguliana

Ngano, ngano!

— Ilete, tumekaa!

Ni ndefu.

— Masikio tunayo!

Ina wafalme.

— Watapita wapi?

Watapita langoni.

— Basi na wapite!

Na wapite, wakiweza.

Hapo kale, kabla bunduki haijapata mdomo, katika nchi ya milima na mizeituni iliyo mbali mno na kwetu, palikuwa na mji ukiitwa Kalamira. Ulikuwa mji wa Waislamu, na mtawala wake alikuwa Amiri Mutarrifu. Ulikuwa na ukuta mnene, hamamu za maji moto, matabibu, washonaji wa hariri, na tini ambazo ukila moja unasahau ulikuwa ukigombana na nani.

Kuuzunguka mji huo palikuwa na falme tatu za Wakristo. Ufalme wa kwanza ulikuwa mkubwa, nao ni wa Mfalme Ordonyo. Ufalme wa pili ulikuwa mkubwa vilevile, nao ni wa Mfalme Fruela. Msiniulize upi ulizidi. Watu wamekufa kwa swali hilo. Ufalme wa tatu ulikuwa mdogo, mdogo, mdogo: jogoo akiwika mpaka wa huku, watu wanaamka mpaka wa kule. Huo ulikuwa wa Malkia Munia.

Munia alikuwa mjane, mwembamba, mfupi, tena si mtu wa maneno mengi. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Oneka, na Oneka alikuwa ameolewa Kalamira, kwa mwana wa Amiri.

Nasikia mtu huko nyuma ananong'ona: Mkristo kwa Mwislamu? Ndiyo. Watu wale walioana, wakaazimana matabibu, kisha wakapigana, na walipokwisha kupigana wakaalikana karamu. Wengine wakisimulia hulificha jambo hili. Mimi nilivyoipokea ndivyo ninavyoitoa.

Siku ya arusi ya Oneka, sanduku lake la mwaloni lilinasa langoni. Lango la Kalamira lilikuwa jembamba kwa makusudi. Babu zake Amiri walilijenga hivyo ili adui akija aingie mmojammoja, kwa adabu. Sanduku halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Amiri Mutarrifu mwenyewe akaitisha mafuta ya zeituni. Wakalipaka. Wakalisukuma. Sanduku likateleza, pu! likaingia mjini na kumwangusha mpiga zumari. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Munia alicheka, na Munia hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Likumbukeni sanduku hilo. Tunaendelea.

Mwaka mmoja, mizeituni ilipokuwa ikivunwa, Munia akaletewa habari kwamba Oneka amejifungua mtoto wa kiume. Munia akaanza kufuma blanketi. Kabla hajalimaliza, akafika mgeni kutoka Roma, Askofu Landulfo, mtu mrefu mwenye sauti ya kutosha makanisa mawili. Hakwenda kwa Munia, maana askofu wa namna ile haanzii kwa wadogo. Alikwenda kwa Mfalme Ordonyo.

Alimkuta Ordonyo amelala, mguu wake wenye jongo umelazwa juu ya mto wa hariri ya Kalamira, na tabibu wa Kalamira anaukanda. Fruela naye alikuwapo, amekuja kuazima farasi.

"Wafalme wa Kristo!" Askofu akanguruma. "Mnalala, na kafiri yuko mlangoni mwenu!"

Ordonyo akatazama mlangoni. "Kafiri gani?"

"Amiri wa Kalamira!"

"Ahaa, Mutarrifu?"

"Kumbe unamjua?"

"Simjui kabisa," akasema Ordonyo, na akamwomba tabibu atoke nje kidogo.

Hapo Askofu akakunjua waraka wa Roma, akausoma kwa sauti, mbele ya watu wote. Waraka ulisema hivi: falme zote tatu ziungane, zivae msalaba, ziende Kalamira. Mtawala Mkristo ambaye unyayo wake utakuwa wa kwanza kukanyaga ndani ya lango, mji ni wake, na ardhi yake, na watu wake. Na mji huo, tangu unyayo huo utakapotua, uko chini ya ulinzi wa Kanisa. Atakayeugusa baada ya hapo, awe nani, ametengwa na Kanisa, hapa na ahera.

"Wa kwanza?" akauliza Ordonyo, na jongo likapona palepale.

"Wa kwanza?" akauliza Fruela.

"Wa kwanza," akasema Askofu.

Imani ikawaingia wafalme wale kwa kishindo. Wakalia. Wakakumbatiana. Na kila mmoja, akiwa amemkumbatia mwenzake, akawa anamkadiria kwa mkono unene wa mbavu.

Kisha wakamwita Munia. Munia akaja na blanketi lake, akaketi, akasikiliza, sindano zinakwenda.

"Dada Munia," akasema Fruela, "tunakwenda kuukomboa mji."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa wenyewe."

"Binti yangu yumo. Mjukuu wangu yumo. Sijamshika bado."

Ordonyo akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ilikuwa rahisi kwake, haikumzuia jambo. "Tutawaombea. Lakini elewa, dada: njia ya kwenda Kalamira inapita kwako. Ukiwa nasi, tutapita. Usipokuwa nasi, tutapita vilevile, ila tutachoma moto kidogo njiani ili tuone tunakokwenda."

Munia akafuma mstari mzima. Aliwajua. Akikataa, ufalme wake unaliwa asubuhi na Kalamira inaliwa jioni. Akikubali, atakwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye mji utakaochomwa, na mji ukichomwa hakuna anayesimama kuuliza kichanga hiki ni mjukuu wa nani. Aliutazama waraka mkononi mwa Askofu.

"Baba Askofu, nisomee tena pale penye unyayo."

Askofu akamsomea tena.

"Imeandikwa mfalme au mtawala?"

"Mtawala Mkristo."

"Nimekuja," akasema Munia. "Niandalieni farasi mfupi."

Haya. Mnadhani waliondoka kesho yake? Hawakuondoka. Vita vilikuwa vitakatifu, na vita vitakatifu vinataka majoho mapya, na majoho mazuri nchi ile yalishonwa mji mmoja tu. Mnaujua. Ordonyo aliagiza la kwake jekundu, lenye msalaba wa dhahabu kifuani. Fruela alipopata habari, aliagiza jekundu zaidi, lenye msalaba mkubwa zaidi. Mshonaji wa Kalamira akauliza ni kwa sherehe gani. Wakamwambia, utaiona. Akawashonea vizuri kabisa, akawasihi wasiyaloweshe, akawatakia heri.

Majoho yalipofika, ukaja ugomvi wa nani aongoze jeshi.

"Mimi ni mkubwa kwa umri," akasema Ordonyo.

"Mimi ni mkubwa kwa ukoo," akasema Fruela.

"Babu yako alichunga mbuzi!"

"Wako ndiye alikuwa akiwaiba!"

Visu vikatoka. Askofu akapaza sauti, wasimsikie. Akapaza zaidi, wasimsikie. Munia akaweka sindano chini, akasema polepole, na wote wakanyamaza ili wamsikie.

"Ndugu zangu, sote ni sawa mbele ya Mungu. Kwa nini mmoja amtangulie mwenzake? Tuapeni kiapo. Hakuna atakayetangulia, hakuna atakayebaki nyuma. Tutakula pamoja, tutavuka pamoja, tutaingia pamoja, bega kwa bega, unyayo kwa unyayo. Mji utakuwa wetu sote."

Ordonyo akawaza: kwa hiyo Fruela hatatangulia. Akapenda. Fruela akawaza: kwa hiyo Ordonyo hatatangulia. Akapenda. Hakuna aliyemuwaza Munia, na hilo pia Munia alilipenda.

"Maneno ya malaika!" akasema Askofu. "Yamepita katika kinywa cha mwanamke, lakini ni ya malaika."

Wakaletewa taya la mtakatifu wa kale, waapie juu yake. Desturi yao aliyeapa hulibusu. Nani alibusu kwanza? Hakuna. Waliinama wote watatu kwa pamoja. Wafalme wawili wakagongana vipaji vya nyuso, ko! na tangu siku hiyo taya la mtakatifu likapungua jino.

Safari ikaanza. Hawakutanguliana kula: kila mlo walinyanyua vijiko pamoja kwa ishara ya Askofu, na Askofu alikuwa na sala ndefu, basi walikula mchuzi wa baridi mpaka Kalamira. Hawakutanguliana kuamka: kila mmoja alilala akisubiri mwenzake aamke, hivyo jeshi liliondoka adhuhuri. Kisha wakafika mtoni.

Mtoni palikuwa na daraja zuri la mawe. Lilipitisha farasi mmoja.

"Vukeni mmojammoja," akasema Askofu.

"Nani wa kwanza?" akauliza Ordonyo.

"Kiapo ni kiapo," akasema Fruela.

Wakaliacha daraja pale lilipo, wakaingia majini watatu kwa mstari. Jeshi likawafuata kwa heshima. Unga ukalowa, mishale ikalowa, taya la mtakatifu likalowa. Na yale majoho mapya, mnakumbuka mshonaji alivyowasihi? Rangi ikatoka yote. Wafalme wa msalaba wakaibuka ng'ambo ya pili na mashati ya rangi ya waridi, shingo nyekundu, na masikio mekundu kama waliokuwa wakibanwa na mama zao. Munia alitoka mkavu kuanzia magotini kwenda juu, maana yeye alikunja nguo yake mapema.

"Daraja tumelishinda," akasema Ordonyo, meno yakigongana.

Wakapiga kambi mbele ya Kalamira. Siku ileile Amiri akamtuma mjumbe, mzee mmoja mwenye nyumbu mweupe. Wakampokea hemani. Mzee akasalimu kwa adabu, kila mtu kwa cheo chake.

"Bwana wangu anauliza amewakosea nini."

"Ni kafiri," akasema Askofu.

"Hilo atalijibu kwa Mungu. Anauliza pia kama mguu wa Mfalme Ordonyo umepata nafuu. Na Mfalme Fruela anakumbushwa kwamba ile sataranji anayocheza naye kwa wajumbe, zamu ni yake tangu masika."

Askofu akageuka kumtazama Fruela. Fruela akatazama paa la hema. Kisha akanong'ona kwa pembe ya mdomo, "Mwambie nasogeza farasi wa kushoto."

"Na ndugu zenu wa dini?" Askofu akauliza kwa kejeli. "Watawala wenzake bwana wako, hawaji kumsaidia?"

Mzee akashusha pumzi. "Tuliwaandikia watatu. Wa kwanza ametuletea shairi la kutusifu. Wa pili ametuletea shairi la kutulilia. Amelitunga mapema ili vina vikae sawa. Wa tatu yuko tayari kuja na jeshi zima, ila anauliza kwanza: akifika, ataketishwa mkono wa kulia wa nani?"

Wafalme wakacheka. Wakacheka mpaka machozi. "Watu gani hawa," akasema Ordonyo akijifuta, "wanaona vita wanagombea pa kukaa!"

"Aibu," akasema Fruela. "Aibu tupu."

Nanyi mnacheka? Subirini.

Mjumbe alipokuwa anaaga, Munia akamwita. "Mzee wangu, binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Na mtoto anapiga kelele kama muadhini."

"Mwambie Oneka nalikumbuka sana sanduku lake la arusi. Mwambie nalikumbuka namna lilivyoingia. Basi, ni hilo tu."

"Tuko vitani," Fruela akamtania, "na dada yetu anawaza masanduku!"

"Ni mwanamke," akasema Askofu, akimsamehe.

Mjumbe akarudi mjini. Oneka akausikia ujumbe huku akinyonyesha. Akautafakari. Halafu akamkabidhi yaya mtoto, akamwendea baba mkwe wake, akapiga magoti.

"Baba, kesho fungua lango."

Amiri Mutarrifu alikuwa anasoma shairi la kulilia kifo chake, nalo lilikuwa zuri, jambo lililomuudhi zaidi. "Nifungue lango? Nina askari wachache na washairi wengi. Nikifungua tumekwisha."

"Ukifunga watauvunja ukuta, kisha wataingilia popote, kila mtu na tundu lake. Ukifungua, watataka kupita hapohapo. Baba, mama yangu yuko pamoja nao, na ameniambia nikumbuke sanduku."

Amiri akafikiri. Akaanza kutabasamu. "Na kile kiapo chao kinachotangazwa sokoni, cha kutotanguliana, nani alikibuni?"

"Unadhani nani, baba?"

"Mkwe wangu huyo," akasema Amiri, "ningekuwa na majirani kama yeye, nisingehitaji ukuta."

Asubuhi, Munia akafunga hema lake, akajipaka mafuta ya zeituni. Akapaka mikono. Akapaka mabega. Akapaka mbavu na nyonga, hakubakiza. Hakuvaa deraya wala chuma chochote. Alivaa gauni jepesi la hariri na viatu vya kamba. Blanketi la mjukuu akalikunja ndogo, akalifunga kichwani kama kilemba.

Askofu akamkaribia, akarudi nyuma. "Dada, unanuka kama taa ya kanisani."

"Ni baridi yabisi, Baba. Tulipita mtoni."

Wakasogea mpaka langoni. Lango lilikuwa wazi. Wazi kabisa! Hapakuwa na askari, hapakuwa na mshale. Palikuwa na paka mmoja anajilamba, naye alipowaona akaondoka zake.

Hapo mtu mwenye akili angeuliza: kwa nini lango liko wazi? Wafalme hawakuuliza hilo. Waliuliza: nani wa kwanza?

"Pamoja!" akasema Ordonyo.

"Pamoja!" akasema Fruela.

Wakaleta farasi watatu kwa mstari. Farasi wa katikati alifika langoni, wa pembeni wakapiga ukuta kwa pua. Wakarudi nyuma, wakajaribu kwa kasi. Wakapiga ukuta kwa kasi. Mara ya tatu farasi wenyewe walikataa, nao ndio walioonekana na busara siku ile.

Jeshi likasimama. Jua likapanda. Ndani ya mji ukatoka harufu ya mkate.

"Sikilizeni," akasema Askofu, jasho linamtiririka. "Mimi nina mamlaka ya kufungua viapo. Nitawafungua mmojammoja, mwingie. Njooni hapa, mpige magoti."

Hakuna aliyesogea.

"Unaanza kumfungua nani?" akauliza Fruela.

"Yeyote! Ordonyo."

"Akishafunguliwa yeye, na mimi bado nimefungwa, si ataingia?"

"Basi naanza na wewe."

"Thubutu!" akasema Ordonyo, na mkono ukaenda kwenye upanga. Nyuma yake watu wake wakashika panga zao. Nyuma ya Fruela wakashika za kwao. Jeshi la msalaba lilikuwa karibu kupata ushindi wake wa kwanza, dhidi ya jeshi la msalaba.

Munia akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, kwani lazima farasi? Tushuke. Tuingie kwa miguu, watatu, bega kwa bega. Mimi ni mdogo. Niwekeni katikati mnilinde."

Wakatazamana. Ilikuwa haki. Askofu akahesabu, wakashuka pamoja. Wakajipanga: Ordonyo kulia na tumbo lake na deraya yake, Fruela kushoto na mabega yake na deraya yake, Munia katikati, kama ua lililosahauliwa kitabuni. Unyayo kwa unyayo. Unyayo kwa unyayo. Unyayo kwa unyayo. Wakaingia kwenye uwazi wa lango.

Krrrk.

Wakanasa.

"Sogea, Fruela!"

"Nisogee wapi? Sogeza tumbo lako!"

"Tumbo halina kiapo!"

"Rudini nyuma," akasema Askofu.

"Nani arudi kwanza?" wakauliza wote wawili. Maana kumbukeni, hakuna atakayebaki nyuma.

Askofu Landulfo alikuwa ametembea kutoka Roma. Alikuwa amekula mchuzi wa baridi. Alikuwa ameona mji wazi mbele yake tangu asubuhi, umezibwa na wafalme. Uvumilivu ukamwishia. Akavua kofia, akaweka bega lake mgongoni mwa wafalme, akaliita jeshi zima. "Sukumeni! Kwa jina la Kanisa, sukumeni!"

Wakasukuma. Chuma kikalia. Wafalme wakalia. Mara ya kwanza, hakuna aliyepita. Mara ya pili, Munia akahisi gauni linateleza. Mara ya tatu, mafuta ya zeituni yakafanya kazi yake ya zamani.

Pu!

Munia akachomoka katikati yao kama kokwa ya tende, akaruka, akatua ndani ya Kalamira kwa mikono na magoti, mbele ya miguu ya binti yake. Akasimama. Akatazama chini. Unyayo wake wa kulia ulikuwa juu ya jiwe la mji. Akaweka na wa kushoto, kwa uhakika.

Kisha akafungua kilemba, akalikunjua blanketi, akanyoosha mikono. Oneka akampa mtoto. Munia akamfunika, akamnusa kichwani. Mtoto aliona bibi anang'aa kwa mafuta, akacheka.

Langoni kelele zikaanza.

"Ametangulia!" Ordonyo akapiga yowe, uso umebanwa na jiwe.

"Amevunja kiapo!" akapiga yowe Fruela.

Askofu akainama, akachungulia katikati ya miguu ya wafalme. "Malkia Munia! Uliapa!"

"Niliapa, Baba, na sikukivunja. Mimi sikupiga hatua. Nilisukumwa. Na aliyenisukuma ni bega la Kanisa, kwa jina la Kanisa. Jeshi zima limesikia."

Jeshi likakaa kimya kwa namna ya watu waliosikia.

"Basi, Baba, nisomee tena ule waraka. Pale penye unyayo."

Askofu hakutaka. Lakini jeshi lilikuwa linamtazama, na waraka ulikuwa umesomwa hadharani, mara mbili, kwa sauti ya kutosha makanisa mawili. Akausoma, safari hii kwa sauti ya kutosha kikanisa kidogo. Mtawala Mkristo ambaye unyayo wake utakuwa wa kwanza. Mji ni wake, na ardhi yake, na watu wake. Atakayeugusa baada ya hapo, ametengwa.

"Hapa na ahera," Munia akamkumbusha.

"Hapa na ahera," akasema Askofu.

"Basi Kalamira imetekwa," akasema Munia. "Mungu asifiwe. Mnaweza kwenda nyumbani."

Amiri Mutarrifu akatokea, amevaa joho lake zuri, akamwinamia. "Mkwe wangu, kwa hiyo mimi ni mateka?"

"Ni mateka wangu."

"Nakaa wapi?"

"Ulipokuwa unakaa. Unafanya ulichokuwa unafanya. Unasali ulikokuwa unasali. Ila kila mwaka utaniletea kikapu cha tini, watu wajue kuwa nilikushinda vibaya."

"Masharti ni makali," akasema Amiri, "lakini nimeshindwa, nifanyeje? Mateka wanakula chakula cha mchana?"

"Wanakula pamoja na waliowateka. Na mateka hawagombani nani anyooshe mkono kwanza."

Wakaondoka. Amiri alipopita karibu na lango, akasimama mbele ya Fruela, ambaye alikuwa bado amebanwa na amekuwa wa zambarau. "Ndugu Fruela, yule farasi wako wa kushoto nimemla. Zamu yako."

Na wafalme je? Oneka aliwaletea mtungi wa mafuta, akawapaka mwenyewe, kwa heshima ya uzee wao. Askari waliokuwa wakiwasukuma sasa wakawavuta. Walitoka kinyumenyume, wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna aliyetangulia na hakuna aliyebaki nyuma. Kile kiapo walikitimiza siku hiyo kuliko siku zote. Wakafika kwao wanang'aa. Mwezi uleule Ordonyo alituma kuomba tabibu wa jongo, na Kalamira ikampelekea.

Askofu akarudi Roma. Akaeleza kwamba mji umetekwa bila tone la damu kumwagika, na hakueleza zaidi, maana hakuulizwa. Kengele zikapigwa katika nchi zote za Wakristo. Ikaimbwa misa ya shukrani. Yule mtawala wa tatu, jirani wa Amiri, naye akaleta ujumbe: kwa kuwa sasa mji umeshatekwa, je, kwenye karamu ataketishwa mkono wa kulia wa nani? Munia akajibu: wa mtoto. Na mtoto alikuwa anatapika maziwa upande wa kulia.

Ngano yangu imefika langoni, imejipaka mafuta, imepita. Aliyeitaka kaishika, aliyelala kaikosa. Sasa ondokeni mwende makwenu. Mlango wa hapa nao ni mwembamba: tokeni mmojammoja, na nikisikia mtu anauliza nani wa kwanza, mimi sitasukuma.